Jina Nililoliruka

Nilipoishia wiki iliyopita, shemeji yangu Rubeni alikuwa ametua fundo la nguo zake juu ya kitanda cha marehemu ndugu yake, ndani ya nyumba yangu, akasema atakuja kulifungua Maonyesho yakiisha.

Aliyechelewa kufika barazani nampa kwa kifupi, halafu asogee akae na wenzake.

Mume wangu Danieli alifariki mwezi wa kumi na moja. Mimi na yeye tulikuwa tumepanda miti mia tatu na kumi na miwili ya kahawa kule Igamba. Miche tulipewa na baba yake, mzee wa Undali mwenye kitalu kikubwa. Danieli alipokufa, kitabu cha Chama cha Wakulima kilibaki na jina lake, na miti ya marehemu huenda kwa ndugu wa kiume. Rubeni aliitaka miti, na mimi nikiwa nyongeza.

Mlango ukabaki mmoja tu. Mwezi wa nane Chama kilikuwa kinafanya Maonyesho makubwa ya Kahawa, na mkutano wa siku mbili ndani yake, hapa Mpemba kwenye uwanja ulio kando ya barabara kuu. Katibu akatangaza kwamba mkulima yeyote, mwanamume au mwanamke, atakayesimama mwenyewe kwenye meza yake na kahawa yake ikapita mbele ya waamuzi, ataandikiwa kadi kwa jina lake.

Nikaandikisha meza. Namba ishirini na mbili. Kadi ile ndiyo miti yangu, na ndiyo namna pekee ya kulitoa fundo la Rubeni kitandani.

Wengine mmeniandikia mkiuliza mbona sisemi kama nililia. Sikulia. Nilipika chai. Siku ya mazishi nilipika chai, siku ya arobaini nilipika chai. Siku moja nilikuwa nakaanga buni kwa ajili ya waonjaji, jirani yangu Tabita akapita mlangoni akauliza naunguza nini. Nikamjibu kahawa. Akasema kahawa hainuki hivyo. Vilikuwa vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia. Nilivitazama kama vidole vya mgeni, nikavifunga kitambaa, nikaendelea kukoroga kwa mkono wa kushoto.

Basi mjue mnasimuliwa na mtu wa namna gani.

* * *

Kazi ya Maonyesho niliipata kwa sababu ya mdomo.

Mgahawa wangu, kwa Mama Fides, uko pale magari yanapopumzika yakitoka mpakani Tunduma. Madereva wanakuja kwangu, Wanamwanga wa pande zote mbili za mpaka wanakuja kwangu, wachimba dhahabu wa Saza wakishuka na tope lao wanakuja kwangu. Mtu akikaa mpaka kikombe cha pili, nimeshajua shangazi yake ameolewa wapi na kwa nini aliachika pale pa kwanza. Nyumba ikiwa tupu mimi naumwa. Ikijaa napona, au zamani nilikuwa napona.

Karani wa Maonyesho aliitwa Watson. Alikuwa kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi, amekulia kwenye kambi za migodi ya shaba huko Rodesia, amekuja kwetu mwezi wa kwanza. Kila mtu kwake alikuwa "mukwai", neno lao la heshima, hata mbwa wangu aliambiwa mukwai apishe njia. Alikuja kunywa chai akiwa na ramani ya uwanja aliyoichora Bwana Shamba, mzungu wa kilimo.

Ramani ilikuwa nzuri kama kitambaa cha meza. Meza sitini, safu mbili zinazotazamana, majina yamepangwa kwa kufuata herufi. Nikaisoma mara moja, nikamwuliza Watson kama wanataka watu wakae au wanataka watu wakimbie.

Hakuelewa. Nikamweleza.

Kwetu mke na baba wa mume wake hawatazamani. Hawakutani njiani, hawali pamoja, na jina la mkwe halipiti kinywani mwa mke mpaka mmoja wao azikwe. Kanisa limeilegeza kamba hiyo kidogo, na Wanyiha wenzangu wengine wanaivuka siku hizi wakicheka. Lakini Wandali wameikaza, na mimi nimeolewa Undali. Kwenye ramani ile Ferista, mwenye meza ya tano, alikuwa atazamane siku mbili nzima na baba wa mume wake, hatua sita katikati, na vikapu vya kahawa havifichi mtu.

Hakuwa Ferista peke yake. Nilihesabu meza kumi na saba zenye shida hiyo.

Watson akakuna kichwa. Kuanzia siku hiyo nikawa na kazi. Tukaondoa herufi, tukapanga kwa ukwe. Penye shida tukasimamisha viambaza vya matete, na nyuma ya meza tukakata njia nyembamba ili mwanamke aweze kuponyoka mkwe wake akitokea. Sisi tuliiita njia ya wakwe. Bwana Shamba alipoiona akauliza inakwenda wapi. Watson akamjibu ni mfereji wa mvua. Bwana Shamba akatazama mbingu ya mwezi wa nane, akatia saini.

Hamjui Maonyesho yanavyolala kabla hayajasimama. Wageni mia na arobaini wa kutafutiwa vitanda, na kila mwenye nyumba anataka mnunuzi wa Moshi, hakuna anayemtaka mwuza magunia. Mabenchi ya kuazima makanisani, na kila kanisa linataka benchi lake likae mbele kwenye hema la mkutano. Watu wa mashine za kumenya kahawa walitaka kukaa karibu na maji, na wapishi wakataka maji hayo hayo. Mashimo ya choo yalichimbwa upande ambao upepo unatokea, yakafukiwa, yakachimbwa tena.

Mimi nilinakili maswali ya waamuzi. Yalikuwa matatu, na mwenye meza lazima ajibu kwa kinywa chake, asisaidiwe, kwa sababu watu walikuwa na tabia ya kusimama kwenye kahawa ya kuazima. Ulichuma lini. Ulianika siku ngapi. Miche ilitoka kwa nani. Niliyaandika mara sitini kwa mkono wenye kitambaa, karatasi moja kila meza. Yangu niliiandika katikati, kama nyingine zote, na haikuniambia kitu.

* * *

Sasa niseme lile la orodha.

Waamuzi walitakiwa watatu, lakini majina yaliyopendekezwa yalikuwa kumi na tano. Kanuni ya saba ilisema mwamuzi asiwe na ndugu mwenye meza. Watson alikuwa na kitabu chake, majina yamepangwa, na pembeni nafasi tupu ya kuandika udugu. Mimi nikapewa nakala ya orodha hiyo hiyo. Akasema, mukwai, wewe soma, mimi niandike.

Nikasoma. Namba mbili, huyu ni baba mdogo wa meza ya arobaini. Namba tano, huyu amemwoa dada wa meza ya tatu, ingawa hawasemezani. Namba saba, Efraimu wa Mkwajuni, mpima kahawa wa siku nyingi, hana ndugu mwenye meza, ila ni mjomba wa mke wa Rubeni.

"Rubeni ana meza?"

"Hana."

"Basi safi."

Nikafika namba tisa, nikaliona jina.

Lilikuwa jina la baba yake Danieli. Mnaona hata leo, miaka imepita, silitii kwenye karatasi hii. Mkono wangu ulipanda wenyewe ukavuta kanga kichwani, na kinywa kikafunga kama mlango uliosukumwa na mtu wa nje.

"Tisa?" Watson akauliza, macho kwenye kitabu.

"Endelea, Karani."

"Hana mtu?"

"Endelea tu."

Akachora mstari kwenye nafasi ya udugu. Tukaenda namba kumi.

Mtoto yeyote wa kwetu angenitazama, angeona kanga, angeruka jina na kwenda kuuliza kwingine. Watson alikulia mahali ambapo makabila ishirini yanapanga foleni kwenye bomba moja. Kwake mstari ulikuwa na maana moja, kwamba mzee huyu hana ndugu uwanjani.

Ningeweza kumwambia kwamba huyo ni wa kwetu. Si kulitaja jina, ni kusema tu. Nilikuwa na nafasi. Sikusema, kwa sababu kinywa kilikuwa kimefungwa na sikuona haja ya kukifungua. Isitoshe mzee alikuwa na mguu mbovu, na alikuwa hajavuka Isongole kuja huku kwetu miaka mitatu. Nani angemchagua?

Kamati ya Maonyesho haikumchagua. Walimchagua Efraimu, na mwalimu mmoja wa misheni, na mnunuzi kutoka Moshi.

* * *

Naja kwenye mbuzi. Hili sijamwambia mtu, hata Tabita.

Jumatatu, siku tatu kabla ya ufunguzi, nilimwona Efraimu amekaa mbele kwenye lori la Rubeni. Rubeni ni dereva, na lori lake ndilo ambalo Kamati ilikuwa ikilitumia kubeba mianzi na mabenchi. Walikuwa wanakula muwa, wanacheka, na Rubeni akaelekeza kwa kidole upande wa meza yangu.

Nikaenda kwa Watson. Nikamwambia Efraimu ataniangusha. Watson akasema kula muwa na mume wa mpwa wako si kosa, na Rubeni hana meza. Alikuwa na haki.

Nikaona maneno yangu ni mepesi. Nikaongeza mbuzi.

Nikasema Efraimu amepelekewa mbuzi na Rubeni, beberu, kwa ajili ya meza fulani. Nilisema bila hasira, kama mtu anayeagiza chumvi. Mbuzi huyo hakuwapo. Hakupata kuwapo.

Ninyi mnaijua Mpemba. Saa nne mbuzi alikuwa mmoja. Adhuhuri walikuwa wawili, na chungu cha pombe. Jioni nilipopita kwenye hema la mkutano nikamsikia mwuza magunia akimweleza mwenzake habari za ng'ombe.

Jumanne asubuhi Bwana Shamba akamwita Efraimu. Alimwambia anamwamini, lakini wanunuzi wameshasikia, basi apumzike. Efraimu hakubishana. Alifunga blanketi lake, akapita kwangu kunywa chai kabla ya safari. Nikamtilia mwenyewe.

Alikunywa yote. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mama Fides, huyo mbuzi alikuwa na rangi gani? Nikifika nyumbani wataniuliza."

Nikamwambia sijui.

Akasema asante kwa chai. Nikamtazama mpaka alipoingia kwenye vumbi, nikisubiri kusikia aibu. Haikuja. Nikaosha kikombe chake.

* * *

Mchana ule ule Watson akaja mbio, uso unang'aa. Amepata mwamuzi. Bwana Shamba alitaka mtu wa haraka, wajumbe wote wa Kamati wako uwanjani wanafunga matete, basi wao wawili wakafungua kitabu wenyewe. Katika majina yaliyobaki wote wana ndugu isipokuwa mmoja. Nafasi yake ina mstari. Na bahati nzuri Rubeni alikuwa amesimama pale akisubiri karatasi ya mafuta, akawaambia anamfahamu, ni mtu safi, mkulima wa kwanza kwanza, lori litamfuata leo hii na kesho yuko hapa.

Watson akalitaja jina. Akalitaja tena, kwa kuwa lilimpendeza.

Nikavuta kanga kichwani.

"Mbona unajifunika? Jua liko nje."

"Huyo ni baba wa Danieli."

Watson akakaa chini. Nakumbuka alikaa juu ya gunia la sukari na suruali yake ya pasi. Akafungua kitabu, akatia kidole kwenye mstari, akanitazama.

"Nilikuuliza. Nilisema hana mtu, ukasema endelea."

"Nilisema endelea."

"Mbona hukusema?"

Nikamwambia nilisema. Kwetu pale nilikuwa nimesema kwa sauti kubwa kuliko kengele ya kanisa. Yeye ndiye hakuwa na masikio ya kusikia kanga.

Alikuwa kijana mwema. Akataka kwenda kwa Bwana Shamba papo hapo. Alipofika mlangoni akarudi. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisomea barua mbaya, kwamba Bwana Shamba amekwisha kumwondoa mwamuzi mmoja kwa mbuzi ambaye hakuna aliyemwona, na ameapa hamwondoi mwingine. Akiambiwa mwamuzi ana mkwe mwenye meza, kitakachoondoka ni meza. Waamuzi ni watatu. Meza ni sitini.

"Kwa hiyo ninyamaze?" akauliza.

Nikasema anyamaze. Alikuwa mwepesi wa kujifunza.

* * *

Jumatano lori likarudi. Nililisikia likishika breki, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshageukia ukuta. Nikabaki hapo, pua kwenye udongo, mpaka mlango wa lori ulipofungwa na fimbo ikasikika ikienda zake upande wa nyumba ya wageni. Fimbo ile naijua kwa mlio. Miaka kumi na mmoja imekuwa kengele yangu ya kutoka njiani. Uso wa mzee siwezi kuwaeleza ukoje.

Rubeni akaingia, akaagiza chai. Wateja walikuwa wengi, kila benchi limejaa, na wote wakaanza kutazama vikombe vyao kwa bidii.

"Shemeji, nimekuletea mwamuzi," akasema.

"Nimesikia."

"Nimemwambia baba wewe huna meza. Umejitoa. Amefurahi kuja."

"Kwa nini umemdanganya mzee?"

"Asingekuja. Ana adabu yule." Akapuliza chai. "Meza zina namba, hazina majina. Atajua akifika."

Niliendelea kupanga maandazi. Yeye akaendelea kunieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kesho nikisimama mezani, nimemvunjia mkwe wangu heshima mbele ya watu wote, na hakuna ukoo utakaosema mwanamke wa namna hiyo aachiwe mali ya mtoto wao. Nikikimbilia ile njia yangu ya nyuma, meza imefutwa. Nikimwambia mzungu kwamba mzee ni mkwe wangu, kanuni ya saba, meza imefutwa. Yeye hataki chochote kifutwe. Akanishauri nimwache yeye asimame mezani, kama mwanamume wa nyumba, mzungu hajui nani ni mtoto wa nani, na kahawa iandikwe kwake, na sote tule ubwabwa.

"Sikuchagulii," akasema. "Mimi nitakuwa pale tu, natazama."

Akanyanyuka, kikombe nusu. Mlangoni akageuka kuuliza kama fundo lake halijavujiwa na paa.

Tabita, aliyekuwa akisikiliza kwa masikio yote mawili, akatoka jikoni. Akasema nisimame, nijifunike, niiname, nisimtazame mtu, nijibu kwa sauti ya chini kama naongea na meza. Mzee mwenyewe atageuka, hawezi kunitazama. Maswali ni machache. Pumzi tatu na wamepita. Watu watasema wiki mbili, halafu watapata la mwingine la kusema.

"Wewe mwenyewe si ndiye huwapa?" akasema.

Nikaona ni kweli. Nikasema nitasimama.

* * *

Alhamisi uwanja ulijaa mpaka ng'ambo ya barabara. Zamani moyo wangu ungeruka kwa umati ule. Kipaza sauti kilikuwa kinakohoa, mashine za kumenya zinanguruma, Wabemba wamekuja na malori mawili, wake za wachungaji wamevaa kofia. Kila kitu kilikuwa mahali nilipokiweka. Ferista alikuwa nyuma ya kiambaza chake akinipungia mkono kwa furaha, na baba wa mume wake upande wa pili anakula karanga, wala hawaonani.

Mimi nilikuwa kwenye meza namba ishirini na mbili. Kahawa yangu ilikuwa kwenye ungo, safi, ya rangi moja. Nyuma yangu kulikuwa na kipenyo kwenye matete, hatua moja tu. Nilikikata mwenyewe.

Meza ya kumi na tisa. Meza ya ishirini. Nikaisikia fimbo.

Rubeni alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono nyuma, kama alivyoahidi.

Bwana Shamba alifika kwanza, na kitabu. Mwalimu na mnunuzi wa Moshi nyuma yake. Fimbo ikaja, tak, tak, ikafika mbele ya ungo wangu. Nilikuwa nimeinama, kanga mpaka kwenye nyusi, natazama viatu. Viatu vya ngozi, kimoja kimekanyagwa upande. Vilisimama. Halafu vikageuka vyote viwili polepole, visigino vikanielekea mimi.

Alikuwa amejua.

Bwana Shamba akadhani mzee anatazama mashine. Mnunuzi akachukua kahawa akainusa, akamtilia mzee nyingine kiganjani kwa nyuma, mzee akaipokea bila kugeuka. Nikamsikia akiisugua, akiuma punje moja. Hakuirudisha kwenye ungo, aliishika.

"Ulichuma lini?" Bwana Shamba akauliza.

"Mwezi wa sita, wiki ya pili." Nilijibu nikiiambia meza. Sauti ilitoka. Visigino havikutikisika.

"Ulianika siku ngapi?"

"Siku kumi na nne. Mbili kati ya hizo kulikuwa na mawingu."

Mwalimu akaandika. Mnunuzi akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikamwona kwa pembe ya jicho. Watu walikuwa wamesogea. Tabita alikuwa anahesabu pumzi kwa ajili yangu.

"Miche ilitoka kwa nani?"

Pale ndipo ile karatasi niliyoinakili mara sitini iliponisemesha.

"Ilitoka Undali," nikasema.

"Undali ni kubwa, mama. Kwa nani?"

Nikasema kwa mzee mmoja mwenye kitalu. Bwana Shamba akasema wazee wenye vitalu ni wengi, aandike jina gani. Watson, aliyekuwa amebeba wino, akafungua mdomo. Bwana Shamba akainua kidole bila kumtazama. Mwenye meza atajibu mwenyewe.

Nilikuwa na majibu mawili. Moja ni baba wa mume wangu, na hapo kanuni ya saba, kalamu moja, meza imekwisha. La pili ni jina. Jina tupu, kama anavyolitaja mtu baki, mbele ya umati wa Mpemba, nyuma ya mgongo wa mwenyewe, aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu na kahawa yangu mkononi.

"Hajui, Bwana," Rubeni akasema kutoka kwenye nguzo, kwa huruma. "Miti si yake. Angejuaje ilikotoka?"

Mnunuzi wa Moshi akaacha kutikisa kichwa. Bwana Shamba akachovya kalamu, akaiweka juu ya mstari wa meza yangu, sijui kwa kuandika au kwa kufuta. Akasema ananingoja, lakini meza bado ni nyingi.

Na hapo vidole vyangu vikaanza kuuma. Viwili vile, baada ya siku zote hizo. Viliuma kama vimeingia motoni dakika ile, maumivu yakapanda mkononi, yakafika kooni, machozi yakanitoka yakadondokea kwenye kahawa ya Danieli, na nikajua kwamba nina kinywa na kwamba ni changu.

Nikavuta pumzi. Nikasikia fimbo ikiachana na udongo. Viatu vile vya ngozi vilikuwa vinageuka tena, kuja upande wangu, na ulimi wangu ulikuwa umeshaishika herufi ya kwanza ya jina.